Mlima Umefungwa, Babu Yupo

Pian Larice, 19 Novemba 1989

Mwanangu Mirella,

Natumaini barua hii itawakuta salama, wewe, mumeo Saverio na mjukuu wangu Tecla. Mimi mzima, isipokuwa goti. Naandika kwa sababu kwenye simu tunagombana.

Kijiji kimeamua: viti vya lifti ya watelezaji wa theluji vitaanza kupanda mlimani sikukuu ya Bikira Maria, Desemba nane, kama kila mwaka. Theluji hakuna. Nilisimama kwenye kikao nikauliza, “Sasa tunafungua nini?” Ottavio wa hoteli akanijibu, “Gaudenzio, vyumba vimejaa. Kazi yako ni kuwasha mashine.” Basi nitawasha. Mlete Tecla. Ana miaka sita na theluji anaijua ya kwenye friji tu.

Baba yako

---

Taranto, 28 Novemba 1989

Baba mpendwa, shikamoo.

Sisi hatujambo. Saverio yuko zamu ya usiku kiwandani, mimi bado jikoni hospitalini. Pole kwa goti. Usilipandishe ngazi ovyo.

Likizo nimepewa. Tecla analala na glavu mkononi, nikimvua analia. Lakini televisheni inasema kaskazini kote ni jua. Una hakika, Baba?

Binti yako, Mirella

---

Pian Larice, 9 Desemba 1989

Mwanangu,

Salamu nyingi. Msije.

Tulifungua. Padri alibariki, bendi ikapiga, nikawasha mashine. Watu wakapanda na viatu vyao vya kawaida, wakatazama majani, wakashuka. Chini walikuta ng'ombe wa Fiorenzo wanakula katikati ya njia ya kutelezea. Mtu wa Torino akanishika koti: “Bwana, hapa pamefunguliwa au pamefungwa?” Nikamwelekeza kwa Ottavio. Mchana Ottavio akaja mbio: “Zima!” Nikazima.

Subirini Krismasi.

Baba yako

---

Taranto, 15 Januari 1990

Baba, shikamoo.

Afya zetu nzuri, natumaini na yako. Krismasi imepita, hukuandika. Likizo nimeirudisha, msimamizi amenuna.

Nitasema wazi. Mwaka juzi ulisema lifti imeharibika. Mwaka jana ulisema theluji imezidi, barabara haipitiki. Mwaka huu haipo kabisa. Saverio anasema, “Mzee hataki twende, hajui tu aseme vipi.” Nimemwambia anyamaze. Ila mimi mwenyewe sijui nifikiri nini.

Binti yako

---

Pian Larice, 2 Februari 1990

Mirella,

Mimi mzima. Theluji naiumba mimi? Kama hamtaki kuja kula polenta, ugali wa mzee mjane, semeni hivyo, msisingizie majira.

Baba yako

---

Pian Larice, 6 Machi 1990

Mwanangu,

Mwezi mzima sijaona barua yako. Mko salama? Tecla hajaugua?

Imeanguka! Siku nne mfululizo. Nimetoka nyumbani kwa kupitia dirisha la jikoni. Fiorenzo amepoteza gari lake, analitafuta kwa fimbo. Mlima haujapendeza hivi tangu mama yako akiwa hai. Yale niliyoandika, yaache. Njooni.

Baba yako

---

Taranto, 13 Machi 1990

Baba, shikamoo.

Tuko salama, nilikuwa nimekasirika tu. Nimempigia msimamizi magoti: nimepata wiki kabla ya Pasaka. Tunakuja wawili, Saverio ana zamu. Glavu zimerudi kitandani.

Binti yako, Mirella

---

Pian Larice, 27 Machi 1990

Mwanangu,

Salamu. Sijui nianzeje. Tumefunga.

Theluji ipo, mpaka kiunoni. Watu ndio hawapo. Ottavio anasema watu wa Torino wameshatoa baiskeli, wanaulizia vyumba vya baharini, wakiona theluji sasa wanachukia. Kikao kikapiga kura. Mirella, mkono wangu nao ulikuwa juu. Asubuhi ya siku hiyo, kabla ya kikao, nilikaa kwenye kibanda cha mashine nikitazama viti vitupu vinapanda, vitupu vinashuka, nikaona aibu, kama vile ni mimi niliyewafukuza watu. Majani tulifungua, theluji tumefunga. Usiniulize, mimi mwenyewe sielewi.

Hapa hakuna kitu tena. Msijisumbue.

Baba yako

---

Taranto, 20 Aprili 1990

Baba, shikamoo.

Tumefika salama, Tecla amelala njia nzima. Goti linaendeleaje baada ya yale uliyolifanyia?

Bado nakuona pale mlangoni na koleo mkononi unapiga kelele, “Nimeandika tumefunga!” Nami nikasema, “Tumesoma.” Ukabaki umesimama, hujui ucheke au utugombeze, mpaka Tecla akauliza, “Babu, na mlima nao umeondoka?”

Sikutegemea utambeba mgongoni mpaka juu. Kila nikisema pumzika, unasema, “Nyamaza, wewe nilikupandisha ukiwa mzito zaidi.” Na mlivyoshuka mmekalia gunia la mbolea, mkapiga kelele mpaka Fiorenzo akatoka kutazama nani amekufa! Baba, mlima wote ulikuwa wetu watatu. Miaka mitatu tumesubiri kufunguliwa. Kwa nini tulikuwa tunasubiri? Nimejiuliza kwenye treni mpaka Taranto.

Jana mwalimu alimuuliza Tecla theluji ikoje. Akasema, “Ni mahali ambapo watu wote wameondoka, Babu amebaki.” Nilicheka, halafu nikaingia bafuni nikakaa.

Kazi huna mpaka majira ya baridi. Njoo wewe huku. Saverio amesema atakupa upande wake wa kitanda, yeye mchana ndio analala, nami nitalala na Tecla.

Binti yako, Mirella

---

Pian Larice, 2 Mei 1990

Mwanangu Mirella,

Salamu kwa wote, na kwa Saverio hasa. Goti limevimba, lakini linakunjika.

Barua yako nimeisoma, nikaiweka, nikaisoma tena. Funguo za kibanda nimempa Fiorenzo. Tiketi nimekata. Sanduku liko wazi kitandani na sijui nitie nini. Nina sweta tupu.

Naomba unijulishe mapema: bahari ya huko hufunguliwa lini? Nisije nikafika bure.

Baba yako