Kichuguu cha Njia ya Mwani

Mlingotini, Bagamoyo
Jumatano, 12 Februari 2025

Mpendwa wifi yangu Ligaya,

Assalaam alaykum. Habari za huko kwenu Batangas, na mama anaendeleaje na ule mkono uliokufa ganzi? Kila sala tunamwombea nafuu. Sisi huku ni wazima wa mwili. Ashrafu wangu ameota meno ya mbele, sasa anajiona mkubwa na hataki kulishwa. Kaka Yusuf alipiga simu meli yao ilipotia nanga Durban, hajambo.

Nakuandikia barua kwa mkono, kisha nitaipiga picha nikutumie, maana tukiongea kwenye simu Dija wako hukaa ubavuni mwangu na haya sitaki ayasikie. Kaka yangu pia sijamwambia. Akiwa baharini hana la kufanya ila kukosa usingizi.

Wifi, naogopa. Uliniuliza kwa nini siku hizi Dija akipewa simu aongee na bibi yake, Lola, anainama tu, nikakujibu ana mafua. Hana mafua.

Unakijua kile kichuguu kikubwa kwenye njia yetu ya kwendea mwani, kabla hujaingia mikokoni. Wewe ndiye uliyemfundisha kuwa kwenu kichuguu hakipitwi kimyakimya, huenda ndani anakaa mzee mdogo asiyeonekana, na mtu mwenye adabu humwomba njia: tabi-tabi po. Tangu uondoke kwenda kumuuguza mama hakuacha. Nilikuwa nikimtania kuwa anakisalimia kichuguu vizuri kuliko anavyoniamkia mimi. Moyoni nilifurahi, nikijua ukirudi utamkuta bado ni wako.

Wiki iliyopita alipita pale na Mosi, mtoto wa jirani yetu Mize, na watoto wengine. Jioni Mosi akapandwa na homa, kisha degedege. Zahanati walimpima wakakuta malaria, wakamtibu, na leo anakimbia kama kawaida. Lakini maneno yalikwisha kutoka, kwamba mtoto wa Mfilipino anaita majini kwa lugha yao.

Mize akaja mlangoni kwangu. Hakuja na makelele, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

“Shoga, sina ugomvi na wewe,” akasema. “Ila yule mtoto anasema na nani pale? Mimi mwanangu nimemwona macho yamegeuka.”

Nikamwambia ni hodi tu ya kwao. Akasema hodi hubishwa penye mtu. Jumamosi atamleta mganga Dija apungwe pepo, na nisipotaka, watoto wa mtaa huu hawatacheza naye tena. Hata mimi nimelelewa kuyaogopa hayo hayo, wifi. Ngoma ya pepo ikipigwa karibu na mtoto wako, nitatetemeka kabla yake.

Nilidhani Dija amenyamaza kwa kuwaogopa watu. Juzi namsuka, akaniambia, “Shangazi, siku ile sikusema.” Wenzake walikuwa wakimcheka, kwa hiyo alipita kimya, na anaamini Mosi aliugua kwa sababu hiyo. Majirani wanasema ni maneno yake, yeye anasema ni ukimya wake, na kote huko mwenye kosa ni mtoto wa miaka minane. Kisha akaniuliza kama Lola naye haponi kwa sababu yake. Nilishindwa kuendelea kusuka.

Leo asubuhi tulikwenda mwani. Tulipokikaribia kichuguu akanishika kanga akafumba macho, hawezi kusema, hawezi kupita. Nyuma yetu alikuwa Mize na kamba zake begani. Nikasema mimi, kwa sauti, kwa matamshi yangu ya Mlingotini: tabi-tabi po. Dija akafumbua macho. Akauchukua mkono wangu akauweka kwenye paji la uso wake, kama ulivyomfundisha kuwaamkia wakubwa, jambo ambalo hajalifanya tangu Mosi augue. Mize alisimama pale pale. Sijui anawaza nini.

Nakuomba mawili. Mpigie Mize kabla ya Jumamosi, umweleze wewe kama mama kwa mama, maana mimi ulimi unanikauka. Na Dija mwambie kwa mdomo wako kuwa Lola haumwi kwa sababu yake. Mimi nimemwambia, lakini mambo ya kwenu anayaamini yakitoka kwako.

Bi Mwanaasha anakusalimu, na Saida, na Ashrafu anakutumia busu. Nishikie mkono wa mama uuweke kwenye paji lako kwa niaba yangu. Mungu amwinue, na akurudishe kwetu salama.

Usiku silali vizuri, na mlango naukomea mapema. Lakini Mize amekwisha kunisikia nikiyasema maneno yale. Jumamosi wakija kumchukua wa kupungwa, watatukuta wawili.

Ni mimi wifi yako, ninayekupenda na kukungoja,
Batuli