Prosesa Niliyoidhamini kwa Kuangalia Kasha

Jumapili. Ukungu haujaondoka kijijini kwetu Mabira tangu asubuhi, na moyo wangu nao ni mzito.

Kwa utaratibu na heshima, niwataje kwanza waliohudhuria mkutano wa leo: Diwani wetu, Mchungaji, Mwenyekiti wa Kijiji, wajumbe wa kamati ya zahanati, wazee, na akina mama waliobeba watoto mgongoni. Hao wa mwisho ndio niliopaswa kuanza nao.

Mimi ni katibu wa kamati hiyo. Mwezi uliopita nilisimama mbele ya watu hawa hawa, nikawashauri tuchukue kompyuta ndogo tatu za jina moja za kutunzia kumbukumbu za wagonjwa. Umeme wa zahanati ni wa jua, na betri zake ndizo zinazoendesha jokofu la chanjo. Muuguzi wetu, Sista Editha, aliuliza kama utatosha. Nilimjibu kwa sauti ya mwalimu mstaafu wa hisabati: kompyuta zote za jina lile zina prosesa moja, yaani ubongo wake, nayo hula umeme mdogo kuliko taa.

Nilikuwa nimesoma ukurasa mmoja tu wa maelezo yake.

Kumbe mtengenezaji huziita zote jina moja na kuzivika kasha moja, ilhali ndani hutia prosesa za aina mbalimbali. Ya chini hutosheka na wati sita. Zetu zina ile ya juu, inayodai wati sitini na tano. Ni prosesa hodari. Penye umeme wa gridi ningeisifu.

Wiki hii jua halikuonekana siku tatu. Alhamisi, siku ya kliniki, betri zilikuwa zimekwisha na jokofu limepata joto.

"Hazifai tena, Mwalimu," Sista Editha alisema, akizitenga chanjo. "Nani atawaambia akina mama?"

Niliwaambia mimi. Nilisema umeme umeleta hitilafu. Mama mmoja aliyeshuka mlimani na mapacha tangu alfajiri alinishukuru, akageuza njia.

Shukrani ile imeninyima raha.

Leo nimeusema ukweli wote. Ma Kokugonza, mkulima wa kahawa, akainuka, akaniita mwalimu wetu kwa kilugha.

"Mwalimu waitu, kahawa yangu uliichoma kwa chuma cha bambo magunia yote manne, ukatoa punje za katikati, ukaziuma. Masanduku haya uliyaamkia tu shikamoo, yakapita?"

Watu walicheka, hata Mchungaji. Nimezoea kutoliamini gunia la jirani yangu, nikaliamini kasha la mgeni kwa kuwa limeandikwa vizuri.

Niliomba kuachia ukatibu. Mwenyekiti alikataa: "Tengeneza kwanza ulichoharibu."

Basi mkutano umeazimia, nami naandika ili asiwepo wa kusahau. Kompyuta zote tatu zizimwe leo, na kesho vijana wa bodaboda wazipeleke shule ya sekondari yenye umeme wa gridi. Kumbukumbu za wagonjwa zirudi daftarini. Chanjo nyingine zinaletwa Jumatano. Kila mwenyekiti wa kitongoji apite nyumba kwa nyumba, asibaki mama hata mmoja asiye na habari kabla ya Alhamisi.

Kwa mama wa mapacha nitapanda mwenyewe. Nitamwambia kwamba umeme haukukosea. Nilikosea mimi.