Salamu Zilizomeza Malalamiko

Jumatano, Karatu. Ukungu umeshuka kutoka msituni tangu asubuhi na matope mekundu yamefika mlangoni. Siku hizi naikumbuka sana redio.

Ng'ombe mtamba wa jirani yangu Mama Paskalina bado hajaonekana. Ni mwekundu, mwenye baka jeupe ubavuni. Tulimtangaza kwenye programu ya simu ya mifugo iliyopotea, lakini tangu watengenezaji waibadilishe, inakata picha na kuacha kichwa tu. Vichwa vyekundu ni vingi kutoka hapa hadi Enguserosambu. Ng'ombe anajulikana kwa ubavu.

Tumelalamika: mimi, yeye, na wafugaji wengi wa mnadani. Kila mara tunajibiwa na mashine: asante kwa maoni yako.

Zamani, nikitangaza kwenye kituo kidogo cha redio, nikikosea rangi ya ng'ombe, mwenye ng'ombe alikuja mlangoni na fimbo yake. Alinisalimia, akauliza watoto, mvua, mahindi. Kisha akaniambia nimeharibu. Wimbo ukiisha, nilisahihisha hewani.

Nimeukumbuka ule mlango.

Leo nimempata kwa simu kijana mmoja wa watengenezaji wa programu, yuko Dar. Nikamuuliza wanafanya nini na ujumbe wetu.

"Wa Karatu na Ngorongoro? Tunaufurahia, mzee wangu. Watu wa huko mna upendo, mnatusalimia tu."

Kumbe kwao kila ujumbe unaonekana mstari wa kwanza peke yake. Na kwetu mstari wa kwanza ni shikamoo na habari za kazi. Shida huja baada ya kuulizana habari za mvua. Wakatuweka kwenye fungu la pongezi.

"Andika upya, mzee. Tatizo lianze."

Nikaandika, Mama Paskalina akichungulia begani kwangu.

"Huwasalimii?"

"Mwishoni."

"Utadhani polisi."

Jibu limekuja kabla ya jioni, safari hii la mtu: "Tatizo tumeliona. Kesho picha zitakaa nzima."

Mama Paskalina aliusoma ujumbe mara mbili, akanirudishia simu.

"Hajauliza hata kama ng'ombe amepatikana."

Yule wa fimbo angeuliza.

Kesho, picha ikikaa nzima, namtangaza upya. Ubavu kwanza.