Mtangaza Misiba na Duka Langu la Kompyuta

Timbwani, Jumanne, 1996

Bingwa wa matangazo! Ndivyo shemeji yangu alivyomsifu yule Shee. Bingwa wa maiti, labda. Miaka yote kazi yake ni kuzunguka mitaani na kipaza sauti juu ya pikapu akitangaza misiba. Leo nikamkodi mimi, kwa urahisi wa bei, anitangazie duka langu la kutengeneza kompyuta.

Mjinga yule akasimamisha pikapu mbele ya duka, akaanza vile vile alivyozoea, kwa sauti ya kilio: "Enyi jamaa wa Timbwani, mwatangaziwa..."

Nani angengoja kusikia kompyuta? Wanawake wakajitanda leso, wanaume wakavaa kofia zao, wakamiminika dukani.

"Pole, mwanangu," jirani yangu Bi Mwanasha akanishika mkono. "Nani alofariki?"

"Hakuna, bi. Ni tangazo la biashara."

Akaniangalia kwa huruma, kama mtu alorukwa na akili kwa msiba.

Shee naye akashuka garini akicheka. "Si ulitaka watu? Hawa hapa!"

Mpumbavu. Lakini kweli, tangu nifungue sijapata kuona watu wengi hivyo mlangoni. Na wote wamekuja kunipa pole.

Naogopa hawakukosea.