Kinanda Kilichokaa Eda

S.L.P. 31,
Kilwa Kivinje.
8 Agosti, 2002.

Mpendwa mume mwenzangu Maftaha,

Shikamoo zako nne ulizozipanga mwanzo wa barua zimefika salama. Marahaba, marahaba, marahaba, na ya nne nimeiweka akiba, huenda wiki ijayo nisipate nyingine. Hujambo wewe? Kifua chako na hiyo baridi ya Arusha vinaelewana? Unakula wali, au bado unajaza tumbo kwa chai kama karani?

Mimi sijambo, Mungu ni mwema. Goti la kushoto limeacha kazi bila taarifa, la kulia linashika zamu zote mbili. Meno yamebaki sita na hayatazamani. Hapa Kivinje hatuna jipya ila mihogo imekubali, na pweza mwaka huu ni wengi mpaka paka wamekuwa na maringo.

Barua yako nimeisoma mwenyewe kwa miwani ya marehemu bibi yako. Nimegundua inanikaa vizuri kuliko ilivyomkaa yeye. Laiti angeniona nayo, ningetukanwa mpaka magharibi.

Umeniuliza swali zito, mjukuu wangu. Ununue kinanda kikubwa cha kupiga kwa vidole, au ununue kompyuta yenye programu ya kutengenezea muziki, ambayo unasema ina vinanda vyote ndani yake na hakuna hata kimoja cha kushika. Na umemuuliza nani? Mtu wa darasa la nne la mkoloni, aliyefukuzwa shule kwa kumtungia mwalimu wimbo. Ahsante kwa kuniheshimu, lakini akili yako naitilia shaka.

Ulipokuja siku ya Idd, mwaka jana, jibu nilikuwa nalo mdomoni. Nilikwambia mbele ya watu kwamba muziki wa kompyuta ni sawa na kula picha ya pweza. Watu wakacheka, nikavimba kichwa. Leo jibu limegeuka, na sababu yake nimekuwa nikiizungukazunguka tangu Jumapili kama kuku anayetafuta pa kutagia. Vumilia, nitafika.

Kile kinanda changu kidogo unakijua. Nilikipata mwaka themanini na nane, vitu vilipofunguliwa na wafanyabiashara wakaanza kuleta mizigo ya Dubai, sisi tuliokuwa tumezoea kupanga foleni ya sabuni tukawa tunashika mali kama watu waliopigwa na jua. Kilikuwa na tundu la kusemea na kitufe kimoja cha ajabu: ukikibonyeza, kinanda kinameza sauti yoyote iliyo karibu, si ndefu, kama kukohoa mara mbili tu, halafu sauti ile inakaa kwenye kila jino lake la kubonyeza. Jino la mwisho kushoto inakuwa nzito kama jini, jino la mwisho kulia inalia kama kifaranga.

Siku hiyo nimekaa uani najaribu kumeza "alo, alo" yangu. Mbuzi nimemsahau, hajafungwa. Kumbe amekwenda kula ukili wa bibi yako, wa mkeka aliokuwa anaushona mwezi mzima. Mwenyewe bibi yako akatoka jikoni na mwiko mkononi: "We Abilahi!" Na mimi kidole kilikuwa juu ya kitufe. Kinanda kikammeza.

Wewe unajua adabu za nyumbani. Bibi yako alikuwa ananiita baba Kidawa, kwa jina la mama yako. Kwa miaka arobaini na mitatu jina langu lenyewe alilitaja akikasirika tu, kwa hiyo nililisikia karibu kila siku. Lakini hiyo moja niliikamata. Nikaipiga kwenye harusi ya kwanza Kinjumbi, wimbo mzima wa kumsifu bwana harusi, kila penye kiitikio bibi yako anaingia: "We Abilahi! We Abilahi!" Wanawake wakaanguka chini kwa kicheko. Bibi yako alininunia siku mbili. Ya tatu akaniuliza harusi nyingine lini.

Sasa chombo kile kilikuwa na ugonjwa mmoja. Betri zikiisha au ukizitoa, kinasahau kilichomeza. Kwa hiyo kubadilisha betri ilikuwa operesheni. Nilichonga mwanzi, nikapanga ndani yake betri nyingine tano, nikatoa nyaya mbili, nikazigusisha nyuma ya kinanda ili kisikae bila umeme hata punje wakati natoa zile za zamani. Kazi ya watu wawili. Mmoja ashike mwanzi na nyaya bila kutetemeka, mwingine abadilishe.

Aliyeshika alikuwa bibi yako. Miaka kumi na minne. Anachuchumaa, kashika mwanzi kwa mikono miwili kama anashika taa ya mkunga, na mimi namwambia, "Mwanasha, usipige chafya, utajiua." Naye anajibu, "Fanya haraka, baba Kidawa, nimebandika maharage."

Unakumbuka siku ile ya Idd ulivyosema? "Babu, nikopesheni kinanda, nikipeleke Arusha, nimwingize bibi kwenye kompyuta ya rafiki yangu. Akishaingia nitamnakili mara mia, hatahitaji mwanzi tena." Nikakufokea. Nikasema mke wangu hawezi kwenda kulala kwenye sanduku la watu nisiowajua. Bibi yako akasema nini? Mimi nakumbuka kila neno. Alisema, "Mwache anichukue, angalau sauti yangu ipande basi, maana mimi hunipeleki popote."

Nikacheka. Mjukuu wangu, nilicheka.

Mwezi wa tatu homa ikamchukua kwa siku tatu. Hayo unayajua, ulilia kwenye simu ya posta mpaka karani akaniazima leso. Usilolijua ni nililolifanya baada ya watu kuondoka.

Niliona haifai kinanda kilie ndani ya nyumba ya msiba. Nikakifunga kwenye kanga yake, ile ya rangi ya manjano aliyokuwa akiivaa shambani, nikakitia sandukuni, nikafunga kufuli. Mzee Abdurahmani, jirani yangu anayetuswalisha, akaniona. Akasema, "Mzee mwenzangu, eda ni ya mwanamke. Mwanamume hakai eda."

Nikamjibu, "Najua, sheikh. Ndiyo maana anakaa kinanda. Naye kafiwa."

Akatikisa kichwa, akaenda zake akinong'ona astaghfirullahi. Mimi nikaona nimesema jambo la maana sana. Miezi minne na siku kumi, nikahesabu kwa mkaa nyuma ya mlango. Sikukifungua hata siku moja. Nilikuwa najiambia eda ikiisha nitakaa uani, nitabonyeza jino la katikati, pale sauti yake ilipokuwa yenyewe hasa, na nitagombezwa.

Betri nilizikumbuka. Sitaki kukudanganya, nilizikumbuka mara mbili. Lakini nani angeshika mwanzi? Ningemwita kijana wa jirani ashike, nimwambie nini? Nikasema zitafika. Ni heshima, nikasema, heshima haiharibu kitu.

Jumapili iliyopita nimefungua. Betri zilikuwa zimetapika unga mweupe mpaka kwenye kanga. Nikabonyeza. Kimya.

Nilikipeleka kwa Leonadi, yule fundi redio wa Kimakonde aliyeko nyuma ya boma la Mjerumani. Akakisafisha kwa mswaki, akatia betri mpya, akabonyeza. Tarumbeta imo. Filimbi imo. Ngoma zimo. Akabonyeza pale mahali pa bibi yako, hakuna kitu. Akabonyeza tena. Akanitazama usoni, kijana mwenye adabu, akasema, "Babu, chombo kizima. Kimesahau tu."

Nikamwambia, "Hata mimi mzima, Leonadi."

Nikarudi nacho kwapani kama mtu aliyebeba kuku aliyekufa njiani.

Utaniuliza kaseti. Hakuna. Nani angerekodi harusi wakati mwenyewe yuko jikoni anagomba, na sauti yake nyingine nimeifungia ndani ya kinanda? Tuliona tunazo mbili, tukadhani ni nyingi.

Juzi nilifanya ujinga. Nimekaa uani peke yangu, nikabonyeza kile kitufe, nikainama kwenye tundu, nikaita mwenyewe: "We Abilahi!" Nikabonyeza jino. Ikatoka sauti ya mbuzi mzee. Hata yule aliyekula ukili alikuwa na sauti nzuri kuliko hiyo. Nikaifuta. Mahali pale nimepaacha wazi.

Basi jibu lako ni hili. Nunua kompyuta. Sisemi kwamba ni tamu. Bado naona muziki wa kubofya kwa kidole kimoja hauna jasho, na siku umeme utakapokatika hapo Arusha mtakaa gizani na okestra nzima mfukoni. Kinanda kinakaa mapajani, kina uzito, ukikosea kinakuaibisha mbele za watu, na huo ndio muziki ninaoujua mimi. Lakini kinanda kilikuwa na bibi yako mmoja. Wewe ulitaka kumfanya mia. Nakili, mjukuu wangu. Tia hapo, tia kwa rafiki yako, tia kwa adui yako.

Na ukishainunua, usianze na ngoma wala besi. Nenda kule Sudi kwa mama yako na chombo cha kurekodia. Usimwambie asome dua wala aimbe, atajitia adabu na sauti itakuwa ya mgeni. Muudhi. Mwachie mbuzi.

Nisalimie huyo mchumba wako Romana, mwambie babu yako sasa ni mgane na bado ana meno sita, achague vizuri. Nisalimie Sipriani anayekupangisha. Mama yako umpe salamu zangu baada ya kumuudhi, siyo kabla. Mzee Abdurahmani anakusalimu na anakuombea, mimi naitikia amina kwa nguvu ili isikike. Mungu akuhifadhi, akupe riziki, na akupe mtu wa kukushikia mwanzi.

Jambo la mwisho, dogo tu. Hapa mjini kila mtu ananiita Mzee au Babu, hata wazee. Ukinijibu, juu ya bahasha usiandike hayo. Andika kama nilivyoitwa kwangu siku ile ya mbuzi, karani wa posta akitaka kucheka na acheke. Atalisoma kwa sauti, mimi nitakuwa nimesimama dirishani.

Ni mimi, mume mwenzio nikupendaye, sasa tukiwa wagane wawili,

Abilahi.