Neno la Kumnyamazishia Loku

Jumapili, 4 Agosti 1991. Arua.

Mwaka wa kumi na moja tangu vita vinitoe kijijini kwetu Lobule. Miaka sita Zaire, mitano hapa Arua. Kutoka hapa hadi nyumbani ni nusu siku tu kwa gari, na barabara ipo – sijafika. Na katika miaka yote hiyo sijachoka kama nilivyochoka wiki hii. Aliyenichosha ana miaka mitatu!

Loku, mjukuu wangu. Mama yake, Rosa Kiden, mke wa mwanangu Igga, aliletwa kwangu mgonjwa mwezi wa tano ili awe karibu na hospitali. Akafia chumba cha nyuma, mtoto amesimama mlangoni. Igga alirudi Lobule kulima. Alisema atakuja kumchukua mtoto palizi ikiisha.

Leo Loku amejitupa chini kanisani, akapigapiga kichwa sakafuni. Sababu? Sikuiona. Nikambeba nje nikimwambia yale ambayo watu wote wa huku huwaambia watoto: basi, kwisha, kwisha. Akaniuma bega. Meno yamepita shati.

Jumanne, 6 Agosti.

Mvua. Na vita vya sahani. Loku hamalizi chakula. Huacha tonge moja, kisha huilinda sahani kama askari wa kizuizi cha barabarani. Ukiiondoa ni mayowe.

Sitti, jirani yangu muuza mandazi, aliingia bila hodi. Anasema namdekeza.

"Mzee, mutoto huyu iko na kichwa gumu. Paka yeye pilipili kwa mdomo, atawacha kuuma."

Nikamjibu kwamba huzuni haipakwi pilipili. Akacheka. "Hiyo ni maneno ya kitabu, Mzee. Meno yake hapana soma."

Kweli, nimesoma vitabu vingi. Watoto waliomo wamelala, au wamekufa. Sikumbuki hata kimoja chenye mtoto anayejigonga kichwa na mzee asiyejua amshike wapi.

Alipojitupa tena nilikaa chini naye, kiganja changu kati ya kichwa chake na saruji. Akagonga mpaka akachoka, akalala palepale. Afadhali. Lakini hiyo si dawa.

Ijumaa, 9 Agosti.

Nimejua!

Loku alikuwa kibarazani anapanga vizibo vya soda, ametulia kabisa. Mteja akaja kwa Sitti, hapo jirani, kuulizia mandazi. Sitti akasema, "Kwisha, ndugu yangu." Basi! Loku akaviacha vizibo, akakimbilia chumba cha nyuma, akatazama kitanda, akarudi anapiga mayowe na kumrukia Sitti miguuni.

Neno ni hilo. Siku za msiba kila aliyeingia aliuliza, na akajibiwa juu ya kichwa cha mtoto: Rosa kwisha. Mama yake kwisha. Kiswahili cha huku kilikuja na jeshi na soko. Neno moja hutosha kwa chumvi, kwa vita na kwa mtu. Halafu tangu siku ile, kila alipolia, sisi wote tukambembeleza kwa neno lilelile!

Nimemweleza Sitti. Akashika mdomo. "Wallahi, Mzee! Mutoto alikuwa nasikia?"

Hakucheka leo.

Jumapili, 11 Agosti.

Tumeafikiana, nyumba yangu na ya Sitti, kwamba neno hilo lisitamkwe. Haiwezekani. Dukani: sukari kwisha. Fundi wa redio: betri kwisha. Kanisani, katekista: matangazo kwisha. Sitti hujisahau, akajiziba mdomo, akasema "bado iko, bado iko" – wateja wakakaa wanangojea mandazi ambayo hayapo! Nimecheka mpaka nimekohoa.

Jioni watoto wa njiani wakamaliza mchezo wao. Mmoja akapaza sauti: kwisha! Tukarudi sakafuni.

Nilidhani nikishajua chanzo, yatapungua. Hayapungui. Labda hata lingepotea neno lenyewe, angepata jingine la kulilia. Anayemtaka hayupo, wala mimi sina namna ya kumleta.

Jumanne, 13 Agosti.

Kikohozi. Nimekwenda kuonwa. Daktari amesikiliza kifua kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kama nina watoto wakubwa. Nikamwambia ninaye mmoja, Lobule.

Jumatano, 14 Agosti.

Kamisi mwenye pikapu ameleta salamu za Igga. Wanakuja Jumamosi. Igga ameoa tena – Natalina, mtu wa kwetu Lobule. Watatuchukua sote wawili! Amenijengea nyumba pale pale ilipoungua ile ya kwanza. Mlango umeelekea shambani, anasema, kama nilivyokuwa nikipenda.

Nimefunga vitabu kwa kamba. Nitakwenda.

Jumamosi, 17 Agosti.

Wamefika asubuhi. Natalina hakumkimbilia mtoto wala hakumwita. Alichuchumaa mbali naye, akamenya karanga, akaiweka chini kati yao, akatazama pembeni. Loku akaichukua. Nikasema moyoni, huyu anaweza.

Kisha nikakohoa. Kilichotoka kilikuwa chekundu. Nilikunja kitambaa haraka, lakini Loku alikuwa magotini pangu. Akakitazama. Akanitazama.

"Babu kwisha?"

Hakulia. Hakujitupa. Aliuliza kwa sauti ndogo, kama mtu mzima anayeulizia bei asiyoiweza. Nikamwambia hapana, Babu iko. Akaendelea kunitazama. Hakunisadiki.

Nyumba mpya ya Lobule ina kitanda. Ina mlango. Najua ni nani atakayesimama pale, na nini kitasemwa juu ya kichwa chake. Nikibaki, atalia njia nzima mpaka Koboko na atanichukia. Na anichukie, mtu humchukia aliye hai. Kikitokea cha kutokea, Sitti atampelekea Igga habari, na Igga atachagua siku ya kumwambia. Na neno la kumwambia.

Pikapu inanguruma nje. Vitabu vimeshapakiwa. Igga anamhimiza Kamisi apige honi.

"Baba, panda! Kamisi nakasirika, na mvua iko nakuja!"

Natalina amempakata Loku mbele. Ameshaumwa, mkononi, nimeona damu. Hakumwachia. Hakumpiga. Anamwambia kitu kwa Kikakwa, lugha ya kwetu, polepole, sikisikii.

Nimewaambia nimeingia kutafuta miwani. Naandika nimesimama. Miwani ninayo usoni.

Mtoto ananiita. Si mayowe sasa, ananiita tu, Babu, Babu, kama mtu anayedhani sijasikia. Igga anashuka garini.

Mimi Lobule sitarudi.