Siku Ishirini na Moja za Bomba Lisiloguswa

Jumatatu, 3 Machi
Leo nimefunga kisanduku cha Mzee wa Tai kwenye mtambo wetu wa majaribio. Plastiki nyeupe na taa ya buluu — ukiondoa taa, kopo la sabuni. Kazi yake: maji yakilala kwenye paipu siku tatu bila mtu kuyafungulia, kinayamwaga chenyewe. Yakilala zaidi, na yakiwa vuguvugu, bakteria wa lejionela huzaliana humo. Ukioga unawavuta pamoja na mvuke, wanashukia mapafuni. Cheti cha kwamba kisanduku kinafanya kazi tunatoa sisi. Yaani mimi napima na kutia sahihi, Mkuu anapiga mhuri na kupigwa picha.

Sharti ni moja: siku ishirini na moja, asiguse mtu. Nimetundika kibao bombani: USIGUSE. Pembeni kuna paipu ya pili, haina kisanduku, ya kulinganishia.

Mzee wa Tai ndiye muuzaji. Tai yake inapita mkanda wa suruali. Kaniita "profesa" mara nne. Mimi, niliyefeli kemia mara mbili.

Jumatano, 5 Machi
Maabara ya maji, na bomba la kona ya chai limekauka tangu Januari. Nimemwambia Mkuu. Ataunda kamati. Kamati, kwa kubadilisha kipande cha mpira! Basi birika najazia kwenye bomba dogo la nyuma ya ukuta, kama juzi. Maji yake yanatoka vuguvugu, chai inaiva upesi. Tangi la juu ya paa linapigwa na jua, nafaidi mimi.

Jumanne, 11 Machi
Mama wa usafi kapita na ndoo karibu na kibao changu. Nimemkemea kama askari wa zamu. Kanipandisha na kunishusha kwa macho: "Baba, mimi kusoma najua." Akaenda zake. Watu wa ndoo ndio wanaotuharibia vipimo, nikasema moyoni.

Nyumbani, mama mkwe. Mapafu yake yamechoka, akipanda ngazi tatu anakaa. Atalazwa kwenye jengo jipya la hospitali. Kila chumba kina bafu lake, na kila bafu litategemea kisanduku kama hiki. Bila cheti, jengo halifunguliwi. "Huyo fundi bomba wenu akifanya haraka," kamwambia mke wangu, "nitapona kabla sijafa." Tupo meza moja, naitwa "huyo".

Alhamisi, 3 Aprili
Majibu ya sampuli tulizochota tarehe 24 yametoka. Paipu ya kulinganishia imejaa lejionela. Paipu ya kisanduku — safi, hata mmoja hakuna. Mkuu kanikumbatia, ananukia mafuta ya nywele. Mzee wa Tai anasema alijua tu. Jengo linafunguliwa Jumatatu.

Jioni nikafungua kihesabio cha kisanduku, nijaze mstari wa mwisho wa ripoti: kimemwaga maji mara ngapi? Sifuri. Siku ishirini na moja, sifuri.

Nikampigia Mzee wa Tai. Kacheka. "Profesa, maji si ni safi? Kihesabio cha nini tena?"

Basi maji hayakulala. Kuna mtu alikuwa akiyafungulia. Nikamwita mama wa usafi, uso nimeshaukunja. Hakujitetea. Kanishika mkono wa shati, kanipeleka hadi kwenye kisanduku, akaifuata paipu kwa kidole: inatoka hapo, inatoboa ukuta, inaishia kwenye bomba dogo la birika.

"Baba, hapa anachota nani kila asubuhi?"

Paipu hiyo niliichora mimi. Sahihi yangu iko kwenye mchoro. Na vuguvugu lile si la jua. Ni hita ya majaribio, nyuzi thelathini na saba, niliiwasha kwa mkono huu. Hata Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi, siku tatu hazitimii. Kisanduku huenda ni kizima, huenda ni kopo la sabuni kweli. Hakuna anayejua. Ushahidi nimeunywa, wiki tatu, sukari vijiko viwili.

Ijumaa, 4 Aprili
Nimemwambia Mkuu asubuhi. Kafunga mlango. Anasema chai haimo kwenye ripoti. Kwamba mstari mmoja mtupu hauui mtu. Nikasema nahitaji siku ishirini na moja nyingine. Kanitazama kama nimemwomba figo.

Mke wangu kapiga simu. Mama yake ameshafunga begi, kandambili za kuogea kaziweka juu kabisa. Mama mkwe akachukua simu mwenyewe: "Asante, mwanangu, kwa kuharakisha." Mwanangu. Miaka kumi na tisa nalingoja neno hilo, linanifikia leo.

Saa tisa. Naandika kwa penseli, kwenye benchi nje ya ofisi ya Mkuu. Ndani wanacheka, Mzee wa Tai kaja na mpiga picha. Mama wa usafi anapiga deki, kaninyanyua miguu bila kuniomba. "Hilo birika unampelekea nani, baba?" Liko mapajani, pamoja na mchoro wa paipu. Kalamu ya kutilia sahihi nimeiacha mezani kwangu, makusudi.

Mlango umefunguka. "Profesa, karibu ndani — na kalamu yako."